Dondoo muhimu: Kutafuta ujauzito baada ya miaka 35

Kwa kuwa mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, nayo hupungua kwa idadi na ubora kwa kasi zaidi baada ya umri wa miaka 35, mkaazi wa Likoni au Kisauni, Mombasa, aliyefikia umri huo hapaswi kungoja mwaka mzima. Miezi 6 ya kujaribu bila mafanikio inatosha kumwona daktari.

Aliyekuwa akichoma sindano ya kupanga uzazi ya miezi 3 azingatie kwamba upevukaji, yaani yai kukomaa na kutoka kwenye ovari, huweza kuchelewa kurejea kwa miezi 10 au zaidi tangu sindano ya mwisho, hivyo ni busara kuiacha mapema.

Siku za kushika mimba ni zile 5 zinazotangulia upevukaji pamoja na siku yenyewe, ambayo kwa kawaida huwa siku 14 hivi kabla ya hedhi inayofuata. Kwa mke wa dereva wa lori za masafa marefu zitokazo Changamwe, kupanga ratiba ya safari za mume ili awe nyumbani siku hizo huwa na uzito zaidi kuliko dawa yoyote ya kienyeji.

Asidi ya foliki, vitamini inayokinga uti wa mgongo wa mtoto dhidi ya kasoro, humezwa miligramu 0.4 kila siku tangu kabla ya mimba.

Mume naye apimwe manii mwanzoni kabisa, kwa kuwa kipimo hicho ni chepesi, ingawa lawama, kwa dhuluma, huelekezwa kwa mke pekee.