Somo la 31: Kumpenda adui si kukubali ubaya

Siku moja, nyuma ya fundisho la dini, mwanafunzi wa darasa la tano aliniuliza hivi: «Fureri, Bwana Yezu anatuamuru tuwapende adui zetu. Basi, mtu akija kututesa kwa sababu ya dini yetu, tumwache tu afanye anavyotaka?» Wenzake wote walinyamaza, wakangoja jibu.

Swali lile lilikuwa la maana. Nalimjibu kwa kumsimulia habari za Sista mmoja wa nchi yetu. Sikilizeni nanyi.

Anuarite Nengapeta alizaliwa mwaka 1939 karibu na Wamba. Alipokuwa msichana alisikia Mungu anamwita, akaingia shirika la Masista wa Jamaa Takatifu kule Bafwabaka. Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri, akaitwa Sista Marie-Clémentine. Kazi zake zilikuwa kama za Masista wengi mnaowajua: kufundisha watoto, kupika, kutunza vitu vya altare.

Mwaka 1964 vita viliingia upande ule wa Kongo. Waasi walioitwa Simba waliteka miji mingi, na watu wengi waliuawa, Wakristu na wasio Wakristu, weusi na weupe. Tarehe 29 Novemba walifika Bafwabaka. Waliwapakia Masista katika motokari kubwa, na kesho yake wakawafikisha Isiro, mji ulioitwa Paulis siku zile.

Usiku ule wakubwa wa askari walitaka kumchukua Anuarite awe mke wao. Anuarite alikataa. Mama Mkubwa wa Masista alikataa pia, akawaambia kwamba wao wamejitoa kwa Mungu. Koloneli mmoja alikasirika sana, akampiga Anuarite kwa nguvu. Anuarite hakugeuza neno lake. Alisema kwamba ni afadhali kufa kuliko kutenda dhambi ile. Halafu, huku akipigwa, alimwambia koloneli kwamba anamsamehe, kwa maana hajui anachokitenda. Askari walimchoma, na koloneli akampiga risasi. Alikufa usiku ule, tarehe 1 Desemba 1964. Alikuwa hajatimiza miaka 25.

Sasa, watoto, angalieni vizuri. Anuarite alitenda mambo mawili. Alisema hapana, na alisamehe. Hakuacha hata moja.

Kama angalisamehe bila kukataa, ubaya ungalipata njia. Kama angalikataa bila kusamehe, chuki ingaliingia moyoni mwake, na yule koloneli angalimshinda kwa upande mwingine. Mtesi anaweza kushika mwili wetu. Moyo hawezi kuushika, ila sisi wenyewe tukimpa. Na tunampa siku ile tunapoanza kumchukia kama yeye anavyotuchukia.

Bwana Yezu mwenyewe alitufundisha hivyo. Mtumishi wa kuhani mkuu alipompiga kofi, hakumrudishia. Lakini hakusema kwamba kofi lile ni jambo jema: alimwuliza kwa sababu gani anampiga. Na juu ya msalaba aliwaombea wale waliomsulubisha. Tena aliwaambia mitume kwamba wakiteswa katika mji mmoja wakimbilie mji mwingine. Kwa hiyo kukimbia hatari si dhambi. Kuita msaada si dhambi. Kumpeleka mwenye kosa mbele ya hakimu si dhambi. Dhambi ni kumtakia mwenzako maangamizi, na kulipa ubaya kwa ubaya.

Labda mtasema: «Fureri, hayo ni ya watakatifu. Sisi ni watoto.» Kweli, kusamehe ni kuzito. Mtu aliyeuawa ndugu yake hasamehi kwa siku moja, na machozi yake si dhambi. Aanze na jambo dogo: amtaje adui yule katika sala, hata kama moyo bado unauma. Kesho amtaje tena. Neema ya Mungu itafanya kazi iliyobaki.

Tarehe 15 Agosti 1985, kule Kinshasa, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Anuarite kuwa Mwenye Heri. Siku ile, mbele ya watu wote, Papa alisema kwamba, kama Anuarite, yeye naye anamsamehe muuaji kwa moyo wote, kwa jina la Kanisa zima. Neno alilolisema Sista mmoja usiku, katikati ya mapigo, sasa lilisemwa mchana mbele ya Kongo nzima.

Nanyi mtaanza wapi? Hapa shuleni. Mwenzako akikucheka kwa sababu unafanya ishara ya msalaba kabla ya kula, ifanye bila kuona haya, wala usimtukane. Akikuambia uibe naye, kataa waziwazi. Akikupiga, mwambie mwalimu. Lakini usimngojee njiani na fimbo pamoja na ndugu zako. Moto hatuuzimi kwa moto. Tunauzima kwa maji.

MASWALI

1. Anuarite aliingia shirika gani, na wapi?
2. Taja mambo mawili aliyoyatenda mbele ya koloneli.
3. Yezu alifanya nini alipopigwa kofi?
4. Je, kusamehe ni sawa na kuogopa? Eleza.

KAZI: Leo jioni, katika sala, mtaje mtu mmoja aliyekukosea. Usimwambie mtu jina lake.