Kocha Amekuita Uingie: Je, Umemwambia Ukweli?

Leo darasa letu linahamia uwanjani.

Ni siku ya mechi, kocha anasoma majina ya kikosi. Una miaka 17. Juzi uliteguka mguu mazoezini na hujamwambia mtu, maana unaogopa kupigwa benchi. Mara unasikia jina lako! Utanyamaza uingie, au utasema? Kabla hujajibu, tuwaangalie vijana wawili waliopata bahati hiyo katika mechi kubwa kuliko zote za klabu barani Ulaya.

USIKU WA VIENNA

Tarehe 24 Mei 1995, Ajax ya Uholanzi ilicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa na AC Milan ya Italia, mjini Vienna, Austria. Milan ndio waliokuwa mabingwa watetezi, timu ya watu wazima wenye uzoefu. Kocha wa Ajax, Louis van Gaal, alimwanzisha Clarence Seedorf mwenye miaka 19. Kwenye benchi alikuwa na vijana wawili wa miaka 18: Patrick Kluivert, na Nwankwo Kanu kutoka Nigeria.

Kipindi cha pili mambo yalikuwa bado magumu, hakuna aliyepata bao. Van Gaal akamtoa Seedorf, akamwingiza Kanu. Dakika ya 70 akamtoa Jari Litmanen, fundi wa timu, akamwingiza Kluivert. Hebu fikiria, bwana! Fainali haijapata mshindi, na kocha anamtoa fundi wake anaingiza chipukizi. Dakika ya 85 Kluivert akafunga. Ajax 1, Milan 0.

JE, ILIKUWA BAHATI NASIBU?

Hapana. Kwanza, Ajax ina shule yake ya soka. Watoto wanafundishwa uchezaji uleule wa timu ya wakubwa, hivyo kijana akipandishwa anajua la kufanya. Kocha naye anakuwa amemwona kwa muda mrefu, anajua nguvu zake na udhaifu wake.

Pili, vijana hawakuachwa peke yao. Nahodha Danny Blind alikuwa na miaka 33, na Frank Rijkaard 32. Tena pasi ya bao lile la Kluivert ilitoka kwa mzee Rijkaard!

Kwa hiyo kocha huamini kile anachokijua. Sasa basi, kama wewe unamficha hali ya mwili wako, anapanga timu kwa kubahatisha.

KANU NA MOYO WAKE

Sasa msikilize Kanu. Mwaka 1996 alikuwa nahodha wa Nigeria iliyotwaa medali ya dhahabu ya soka katika Olimpiki ya Atlanta. Katika nusu fainali dhidi ya Brazil alifunga bao la kusawazisha, kisha la ushindi. Ukimwona siku ile ungesema huyu ni mzima kabisa.

Kumbe! Muda mfupi baadaye alihamia Inter Milan ya Italia, akapimwa na madaktari kama wachezaji wengine wapya. Wakakuta vali ya moyo wake ina kasoro. Vali ni kama mlango unaoruhusu damu kupita upande mmoja tu. Mlango ukiwa mbovu, damu hurudi nyuma na moyo unafanya kazi ya ziada. Novemba 1996 Kanu alifanyiwa upasuaji, na wengi walidhani soka lake limekwisha.

Halikuisha. Mwaka 1997 alirudi uwanjani, baadaye akachezea Arsenal. Mwaka 2008 alifunga bao pekee lililoipa Portsmouth Kombe la FA, miaka 12 baada ya kile kipimo. Mwaka 2000 alianzisha mfuko wa kuwasaidia wagonjwa wa moyo, hasa watoto wa Afrika. Kipimo kilimweka nje kwa miezi, lakini kilimpa miaka mingi ya kucheza.

MWILI WAKO UNAKUAMBIA NINI?

Sisi wa mechi za mchangani hatupimwi na daktari wa klabu. Inabidi tuwe macho wenyewe. Acha kucheza na uende hospitali kama:

- umewahi kuzimia au kupata maumivu ya kifua ukiwa unakimbia;
- unahema sana kuliko wenzako, au moyo unakwenda mbio bila mpangilio;
- katika ukoo wenu kuna kijana aliyefariki ghafla.

Tena usidharau maumivu ya koo. Yakisababishwa na bakteria na yasipotibiwa, kwa baadhi ya watoto na vijana huleta ugonjwa unaoharibu vali za moyo. Nenda zahanati, na ukipewa dawa umalize dozi.

Ukiteguka, pumzika. Weka barafu au kitambaa cha maji baridi, funga bandeji bila kukaza mno, inua mguu. Siku 2 au 3 za mwanzo usikandwe kwa maji ya moto wala kuchuliwa, maana uvimbe utazidi. Ukishindwa kuukanyagia, nenda hospitali. Na usikubali kudungwa sindano au kumeza vidonge vya kuua maumivu ili ucheze. Maumivu yataondoka kwa dakika 90, jeraha litabaki pale pale. Mifupa yako bado inakua. Ukiiharibu sasa utakuja kujuta.

NITAMWAMBIAJE KOCHA?

Mfuate kabla hajapanga timu, si dakika ya mwisho. Kwa mfano:

"Shikamoo mwalimu. Juzi niliteguka mguu wa kulia. Kutembea naweza, lakini nikikimbia unauma. Nataka kucheza, ila nimeona nikuambie mapema."

Sentensi chache tu. Huenda utakaa benchi wiki hii, ni kweli, na itauma. Lakini kocha atajua kwamba neno lako analiamini.

Nanyi makocha wetu, tunawaomba. Kijana akisema anaumwa, msimwite mwoga mbele ya wenzake. Mkimcheka mmoja, wote watajifunza kuficha. Mpeni muda apone, kisha mrudishieni nafasi ya kugombea namba.

JADILIANENI KIJIWENI AU SHULENI

1. Kwa nini wachezaji wa timu yenu huficha maumivu? Wanamwogopa nani hasa?
2. Je, dada zetu wa netiboli wana matatizo haya haya, au wana mengine?
3. Timu yenu ina "Rijkaard"? Anawasaidiaje chipukizi?
4. Ungekuwa kocha, na mfungaji wako bora akakuambia asubuhi ya fainali kwamba kifua kinamuuma, ungefanya nini?