Moksha: Wokovu au Kufunguliwa?

Ni rahisi kuitafsiri istilahi moksha ya dini ya Kihindu kuwa wokovu, lakini tafsiri hiyo inapotosha. Katika Kisanskriti, mzizi wake una maana ya kufungua au kuachilia; kinachofunguliwa ni nafsi iliyonaswa katika mzunguko wa kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena. Bhagavad Gita inaeleza njia za maarifa, ibada na matendo. Hii ya tatu ndiyo huwatatiza wengi: Krishna hamwambii Arjuna aache vita, bali atimize wajibu wake pasi na kutamani matunda yake. Kifungo, basi, ni tamaa wala si kazi. Twapendekeza neno kufunguliwa, ijapokuwa wafuasi wa Ramanuja, wanaoitegemea neema ya Vishnu, huenda wasione kosa kubwa katika wokovu.