Somo la Vijana: Maswali Manne Kabla ya Kusambaza Ujumbe wa Afya

Mtaani Shauri Moyo, onyo kuhusu dawa au chanjo hufika kwenye simu kabla ya mhudumu wa afya ya jamii kubisha mlango. Mara nyingi kijana ndiye hulisoma kwanza, kisha akamsomea mama au nyanya. Somo hili linafaa vikundi vya vijana na wanafunzi wa sekondari.

Mfano wa kujifunzia

Oktoba 2019, serikali ya kitaifa ilianzisha chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10. Uvumi ulienea kwamba chanjo hiyo husababisha utasa. Ukweli ni kwamba haina virusi hai wala homoni za kupanga uzazi. Huukinga mwili dhidi ya virusi vinavyosababisha karibu visa vyote vya saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa unaoua zaidi ya wanawake 3,000 nchini Kenya kila mwaka.

Msichana aliyekosa chanjo kwa sababu ya uvumi haugui kesho yake. Madhara huweza kujitokeza miaka mingi baadaye, wakati aliyesambaza ujumbe ameshausahau.

Maswali manne

1. *Nani amesema?* "Daktari mmoja" si jina. Tafuta jina, kazi na taasisi. Mishale miwili kwenye WhatsApp huonyesha kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi. Haithibitishi kuwa ni wa kweli.

2. *Alisema lini?* Mwaka 2019 chanjo hii ilitolewa kwa dozi mbili. Desemba 2022, Shirika la Afya Duniani lilikubali kuwa dozi moja pia yaweza kutumika. Tangazo la zamani linaweza kuwa la kweli siku lilipotolewa, lakini lisifae leo.

3. *Ushahidi uko wapi?* Kuugua baada ya sindano si lazima kuwe kumetokana na sindano. Ili kujua, waliochanjwa hulinganishwa na wasiochanjwa. Kisa cha mtu mmoja hakitoshi.

4. *Nani mwingine anasema hivyo?* Linganisha na taarifa za Wizara ya Afya, au uulize katika kituo cha afya kilicho karibu.

Zoezi: dakika 20

Wawili wawili, chagueni ujumbe mmoja wa afya kutoka kwenye simu. Ondoeni jina na nambari ya aliyeutuma, kisha mjibu maswali manne. Amueni: ni kweli, ni uongo, au haijulikani. "Haijulikani" ni jibu halali, na ujumbe wa aina hiyo usisambazwe.

Nyumbani

Kijana asimkemee mzazi aliyeamini uvumi, kwani mzazi huyo anaogopea mtoto wake. Inafaa zaidi kusema: "Mama, kabla hatujaamua, twende tukamuulize muuguzi." Chanjo ya HPV hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma, na kuuliza pia ni bure.