Kigari cha Mtoto Disney: Pima Kabla Hujalipa

Familia nyingi za Waswahili wanaoishi Marekani hujiwekea akiba muda mrefu ili kuwapeleka watoto Disney, iwe Florida au California. Tiketi hununuliwa mapema, hoteli huwekwa nafasi, na nguo za watoto hupangwa wiki nzima kabla. Kigari hukumbukwa mwishoni, na mara nyingi huchaguliwa kwa ukubwa: watoto wengi wakae, mizigo yote iingie. Lakini bustani ya Magic Kingdom ya Florida peke yake ilikadiriwa kupokea wageni zaidi ya milioni 17 mwaka 2023. Katika umati wa namna hiyo, kigari kikubwa huwa mzigo, na kikizidi vipimo hakivuki lango.

Vipimo vinavyokubalika

Tangu tarehe 1 Mei 2019, bustani za Disney za Florida na California haziruhusu kigari chenye upana unaozidi inchi 31 (sentimeta 79) au urefu unaozidi inchi 52 (sentimeta 132). Siku hiyohiyo vigari vya kuvuta vilipigwa marufuku. Marufuku hiyo inavihusu pia vile vya kisasa vyenye mpini wa kusukumia na paa la kitambaa, ambamo watoto huketi wakitazamana. Muuzaji anaweza kukuambia kwamba kigari cha namna hiyo kinasukumwa, kwa hiyo hakina shida. Langoni hoja hiyo haitakusaidia.

Kampuni ilieleza kwamba inataka kupunguza msongamano. Mwezi huohuo, tarehe 31, eneo jipya la Star Wars lilifunguliwa Disneyland, na la Florida likafuata tarehe 29 Agosti. Ukiwahi kutembea katika njia zilizojaa watu utaona sababu yenyewe. Anayevuta kigari anakipa mgongo, hivyo haoni kinachomgonga nani. Kati yake na kigari kuna mpini mrefu ulio chini ya upeo wa macho, na anayekatiza hapo kwa haraka hujikwaa. Kukigeuza nako kunahitaji nafasi ambayo njia ya bustani haina saa sita mchana.

Pima mwenyewe kwa futi kamba, wala usitegemee maandishi ya kwenye boksi, kwa kuwa wakati mwingine huonyesha vipimo vya kigari kikiwa kimekunjwa. Kifungue kabisa, kisha pima upana mahali palipo papana zaidi, ambapo kwa kawaida ni kwenye magurudumu ya nyuma. Urefu upime kutoka ncha ya mbele hadi ncha ya mpini. Kama umefunga kishikio cha chupa ubavuni, kipime pamoja na kigari. Vigari vya pacha vya kukimbilia mazoezi, vyenye magurudumu makubwa ya hewa, ndivyo vinavyozidi upana mara kwa mara.

Bustani za kampuni nyingine zina kanuni zao. Soma ukurasa rasmi wa bustani unayokwenda, tena wiki ya safari, kwa sababu kanuni hubadilishwa.

Mwenye watoto watatu au wanne afanyeje?

Kigari cha kuvuta huwavutia wenye familia kubwa, na si ajabu. Lakini mzigo uleule unaweza kugawanywa. Mtoto mchanga abebwe kwa mbeleko, ambayo haina magurudumu ya kumkanyaga mtu wala haihitaji maegesho. Wawili wanaofuata wakae kwenye kigari cha pacha ambacho hakizidi inchi 31. Mkubwa wao asimame kwenye kibao chenye magurudumu kinachofungwa nyuma ya kigari, akichoka abadilishane na mdogo wake. Kibao hicho nacho kinaongeza urefu, kwa hiyo pima tena baada ya kukifunga.

Usikiache nyumbani kigari cha mtoto wa miaka mitano kwa sababu tu siku hizi anatembea mwenyewe kwenda shule. Njia inayozunguka ziwa la maonyesho ya mataifa katika bustani ya Epcot, Florida, ina urefu wa karibu kilomita 2, na kwa siku nzima familia inaweza kutembea kilomita 10 au zaidi. Mtoto akichoka saa kumi alasiri, muda wote uliobaki hubebwa mgongoni mwa mama yake.

Kukodi au kuja nacho

Disney hukodisha vigari vya mtoto mmoja na vya watoto wawili karibu na lango la kila bustani. Ni vya plastiki ngumu na vinahimili jua na mvua, lakini kiti hakilali, kwa hiyo havimfai mtoto mchanga. Tena hurudishwa unapotoka. Fikiria usiku, baada ya fataki, watoto wawili wamelala fofofo na kituo cha basi bado kiko mbali. Kama unalala hotelini na unategemea mabasi, kigari chako mwenyewe au kilichokodiwa kwa kampuni za mjini Orlando kitakufaa zaidi. Kwa kampuni hizo, uliza mapema ni nani atakayekipokea hotelini na saa ngapi, na wape vipimo vya Disney kabla ya kulipa.

Kwa anayesafiri kwa ndege, mashirika mengi hupokea kigari cha mtoto bila malipo. Kifunge ndani ya mfuko imara.

Kigari kinachofaa ni kinachoachika kirahisi

Wazazi wengi huchagua kigari kwa kufikiria kitakavyotembea. Bustanini, muda mwingi kigari hakitembei. Michezo mingi haikiruhusu kwenye foleni, hivyo utakiegesha nje mara nyingi kwa siku. Kwenye basi na kwenye gari la kuwatoa watu maegeshoni, jiandae kukikunja. Treni ya reli moja ina nafuu, kwa kuwa unakisukuma hadi ndani kikiwa wazi. Basi chagua kigari kinachokunjika kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umemshika mtoto. Sifa hiyo ina thamani kuliko kikapu kikubwa au matairi ya hewa.

Unapokiegesha, fuata mambo haya:

- Tumia eneo lenye alama ya maegesho ya vigari, hata kama liko hatua nyingi kutoka kwenye mchezo.
- Usikifunge kwa mnyororo. Wafanyakazi huvisogeza vigari kuvipanga, na utakaporudi huenda chako kimehamia safu nyingine. Hakijaibwa.
- Funga kipande cha kanga au kitenge kwenye mpini. Kati ya mamia ya vigari vyeusi, utakiona chako kwa mbali.
- Weka kadi yenye namba ya simu. Jina la mtoto usiliandike mahali ambapo kila mpita njia atalisoma.
- Pasipoti, pesa, simu na dawa zisibaki kigarini hata dakika moja.

Mtoto asipofikia kimo cha mchezo, kwa mfano inchi 44 (sentimeta 112) kwa Space Mountain ya Florida, mwambie mfanyakazi wa mlangoni kwamba mnataka kupokezana. Mzazi mmoja hupanda huku mwenzake akibaki na mtoto, kisha wa pili hupanda bila kuanza foleni upya. Huduma hiyo haina malipo.

Ndani ya umati

Njia ni ya watu wote, wakiwemo wazee, wajawazito na wanaotumia viti vya magurudumu. Ukitaka kusimama kusoma ramani au kumfuta mtoto pua, sogea pembeni kwanza. Acha nafasi ya hatua mbili kati ya magurudumu yako na visigino vya aliye mbele. Kigari kisitumike kufungulia njia. Sema samahani, watu watapisha. Gwaride likikaribia, waulize wafanyakazi pa kukiweka kabla umati haujajaa. Fataki zikiisha, kama watoto wanaweza kuvumilia, kaeni kidogo na kuacha wimbi la kwanza lipite. Mkitoka baadaye mtasukuma kigari kwa utulivu.

Mizigo mizito ikae kwenye kikapu cha chini. Mkoba mzito ukining'inia kwenye mpini, kigari hupinduka kinyumenyume mtoto anaposhuka. Chakula cha kutoka nyumbani kinaruhusiwa, lakini si kwenye vyombo vya kioo, isipokuwa vidogo kama vichupa vya chakula cha mtoto mchanga. Barafu ya vipande vilivyo wazi na barafu kavu haziruhusiwi, kwa hiyo tumia pakiti za kugandisha zinazofungwa. Maji ya kunywa yenye barafu utapewa bure ukiomba kwenye mikahawa ya huduma ya haraka.

Jua, mvua na mtoto mgonjwa

Florida wakati wa kiangazi hufika nyuzi 33 za Selsiasi, na alasiri mara nyingi hunyesha mvua ya radi. Usikifunike kigari kwa kanga au blanketi ukidhani unampa mtoto kivuli. Hewa haipiti, na joto la ndani hupanda upesi kwa kiwango cha kumdhuru. Tumia paa la kigari, mnyweshe mara kwa mara, na mpumzishe ndani ya jengo lenye kiyoyozi. Kila bustani ya Disney ya Florida ina kituo cha huduma za watoto wachanga, chenye chumba cha kunyonyeshea na mahali pa kubadilishia nepi.

Kama mtoto wako ana ulemavu au ugonjwa unaomzuia kusimama kwenye foleni bila kigari, nenda kwenye ofisi ya huduma kwa wageni mara tu unapoingia. Wataweka lebo inayokiruhusu kitumike kama kiti cha magurudumu. Usione haya kuomba, kwa sababu lebo hiyo iliwekwa kwa ajili ya watoto kama wako.

Jaribio la nyumbani

Siku chache kabla ya safari, pakia kigari kama utakavyokipakia siku yenyewe, watoto wakiwa ndani, kisha zunguka nacho sokoni au dukani kwa saa moja. Kikunje huku umembeba mtoto, kipandishe ngazi tatu, kifungue tena. Kisha toa kila kitu ambacho hukukigusa katika saa hiyo. Likikushinda lolote kati ya hayo mtaani kwenu, una siku za kutosha kubadilisha kigari, na risiti ya duka bado ipo.