Mwenzetu Akitusaliti, Nani Atalipa?



Somo letu safari hii linahusu ukombozi, yaani jinsi Kristo alivyotulipia deni la dhambi. Nitaanza na jambo mnalolijua: pesa za kikundi.

Miaka iliyopita nilikuwa nikitembelea kikundi kimoja cha akina mama. Mweka hazina akala pesa za mbolea, shilingi 6,000. Alikiri, akalia, lakini hakuwa na kitu cha kurudisha. Wengine wakasema apelekwe kwa chifu. Wengine wakasema, tusahau tu. Lakini kusahau hakuleti mbolea, na mvua ilikuwa karibu. Ndipo mama mmoja mzee akasema, "Zamu ya merigoraundi mwezi huu ni yangu. Chukueni, mnunue mbolea." Mbolea ikanunuliwa. Mabati aliyokuwa amepanga kununua yakangoja.

Mambo hayakuishia hapo, nami nitarudi kwake. Kwanza sikilizeni hadithi ya kubuni.

HADITHI YA SIMBA

C. S. Lewis alizaliwa Belfast mwaka 1898, akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Alikuwa Mkristo wa Kianglikana. Mwaka 1950 alitoa kitabu cha watoto kiitwacho The Lion, the Witch and the Wardrobe, maana yake Simba, Mchawi na Kabati.

Watoto wanne wa Uingereza, ndugu wa tumbo moja, wanapita ndani ya kabati la nguo na kutokea nchi iitwayo Narnia. Huko wanyama wanaongea, na malkia mchawi ameifunga nchi katika baridi isiyoisha. Mmoja wao, Edmund, anadanganywa kwa peremende na ahadi ya ufalme. Anawauza ndugu zake.

Baadaye Edmund anaokolewa na kuomba msamaha. Lakini mchawi anakuja kudai: sheria ya nchi tangu mwanzo inasema kila msaliti ni wake, na damu yake ni haki yake. Hakuna wa kumbishia, kwa sababu sheria ni kweli iko. Simba Aslan, mwana wa Mfalme Mkuu aliyeiweka sheria, hasemi ifutwe. Anakubali kufa mahali pa Edmund. Usiku anakwenda mwenyewe kwenye Meza ya Mawe. Ananyolewa, anachekwa, anafungwa kamba, anauawa. Alfajiri meza inapasuka, na simba yuko hai! Kumbe iko sheria ya zamani zaidi ambayo mchawi hakuijua: asiye na hatia akijitoa kwa hiari kwa ajili ya msaliti, kifo chenyewe hurudi nyuma.

NJIA TATU ZA KUELEZA MSALABA

1. Fidia na ushindi. Mababa wa kale kama Gregory wa Nyssa walieleza kwamba mwanadamu alikuwa mateka wa shetani. Kristo akatoa fidia, na mauti ikashindwa. Someni Marko 10:45. Hadithi ya simba iko karibu sana na njia hii.

2. Malipizi. Mtakatifu Anselm wa Canterbury alikamilisha kitabu chake mwaka 1098. Alisema shetani hana haki ya kudai chochote. Deni letu ni kwa Mungu. Mwanadamu ndiye anayepaswa kulipa, lakini Mungu peke yake ndiye anayeweza. Kwa hiyo Mungu akawa mtu.

3. Upendo unaobadilisha. Peter Abelard wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1142, alikazia kwamba tukiona upendo wa msalabani, mioyo yetu nayo huwaka upendo.

Ukweli wa msalaba ni mkubwa kuliko maelezo yake. Lewis mwenyewe aliandika kwamba mtu hushiba chakula hata kama hajui jinsi kinavyomjenga mwili.

Tahadhari moja: tusiwafundishe watoto ati Mungu Baba ni kama yule mchawi, anayetaka damu. Katika hadithi, anayelipa ni mwana wa mwenye sheria. Na katika imani yetu, Baba ndiye aliyempenda mwanadamu kwanza, akamtuma Mwanawe. Someni 1 Yohana 4:10.

BAADA YA DENI KULIPWA

Angalieni Edmund alivyotendewa. Asubuhi ile alipookolewa, Aslan alitembea naye kando, wawili tu. Kisha akawaambia ndugu zake kwamba hakuna haja ya kumwongelesha juu ya yaliyopita. Katika vita, Edmund ndiye aliyeivunja fimbo ya mchawi, akajeruhiwa vibaya. Mwishowe akawa mfalme, akaitwa Mwenye Haki.

Sasa nirudi kwa mweka hazina wetu. Yule mama mzee hakumtajia deni hata siku moja. Sisi wengine ndio tulioshindwa. Kila mkutano mtu alitupa neno: "Wewe si tulikulipia?" Mimi nilikuwapo, nikanyamaza. Baada ya miezi michache akaacha kuja. Deni lililipwa, lakini mtu tulimpoteza.

Kusamehe si kutupa daftari. Andikeni hasara yote, wekeni sahihi tatu benki, na sanduku la pesa lishikwe na mwingine. Lakini deni likishalipwa, liandikwe limelipwa, na lisifunguliwe tena. Kristo hakufa ili tuendelee kudaiana alicholipa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, kuna mtu aliyeacha kuja kwa sababu ya kosa la zamani? Nani atamtembelea?
2. Kuna tofauti gani kati ya kusahau deni na kulilipa?
3. Aliyekosa akirudi, tumpe kazi gani ili naye ajenge tena?

Mungu awabariki. Tukutane katika somo lijalo.