Nyumba ya Bristol na Deni Lake



Katika semina zetu za miradi swali la jengo huja mapema sana: tutapata lini ofisi, ukumbi, darasa la watoto? Swali la nani atalipa, na hati itaandikwa kwa jina la nani, mara nyingi husubiri hadi tofali zimekwisha kupanda. Kwa hiyo somo la robo hii linatazama jengo moja la Uingereza ambalo lilianza kwa makosa hayo hayo. Linaitwa New Room, yaani Chumba Kipya, nalo liko katika mji wa Bristol. Ndilo jengo la kale kuliko yote la Wamethodisti duniani.

Aliyelijenga ni John Wesley, kasisi wa Kanisa la Anglikana, akiwa na umri wa miaka 35. Mwaka mmoja kabla, tarehe 24 Mei 1738, alikuwa ameketi katika mkutano mdogo huko London wakati utangulizi wa Martin Luther kwa Waraka kwa Warumi ukisomwa, na imani yake ikapata uhai mpya. (Sisi Walutheri hatuchoki kukumbushia jambo hili!) Alipofika Bristol alianza kuhubiri nje, uwanjani, hata kwa wachimba makaa ya mawe wa Kingswood. Vikundi viwili vya waumini mjini vikakosa mahali pa kutosha pa kukutania. Kiwanja kikapatikana, na jiwe la msingi likawekwa tarehe 12 Mei 1739.

Wesley alikuwa ameteua wadhamini 11, akitegemea kwamba wao watabeba gharama. Haikuwa hivyo. Michango ya vikundi vyote viwili haikufika hata robo ya fedha zilizohitajika, na kazi ingesimama kama asingejitwika mwenyewe malipo ya mafundi. Kabla hajajua alipo, alikuwa na deni la zaidi ya pauni 150. Kisha rafiki zake wa London, akiwamo mhubiri George Whitefield, wakamwonya kwamba wadhamini wale wangeweza kumfukuza katika nyumba aliyoijenga, siku wasipopenda mahubiri yake. Akawaita, akaufuta mpango ule, akachukua kila kitu mikononi mwake.

Hapa nakiri kwamba uamuzi wake haunipi raha. Mali ya waumini kuwa chini ya mtu mmoja ni hatari, hata mtu huyo akiwa mwema. Yeye mwenyewe aliliona hilo baadaye, na mwaka 1784 akatia sahihi hati ya kisheria iliyoweka mambo ya nyumba za kuhubiria chini ya mkutano wa wahubiri 100.

Nyumba ilipanuliwa mwaka 1748. Mwaka huo huo iliandikishwa kisheria kama mahali pa ibada pa watu walio nje ya Kanisa la taifa, ingawa Wesley alibaki kasisi wa Anglikana hadi kufa kwake mwaka 1791. Ndani hakuna mapambo mengi. Kuna roshani pande zote, nguzo nyeupe, na mimbari ya ngazi mbili, moja juu ya nyingine. Madirisha yako juu. Wengi husema ni kwa ajili ya ghasia za nje, kwa maana wahubiri hawa walirushiwa mawe mara nyingi. Katikati ya dari kuna mnara wa vioo wenye pembe nane unaoteremsha mwanga wa jua hadi chini. Vyumba vya wahubiri viko ghorofani kuuzunguka mnara huo, hata mtu aliyeko juu aweza kuchungulia ibada inayoendelea.

Nyumba hiyo haikungoja Jumapili. Ilikuwa na shule ya watoto maskini na zahanati ya kugawa dawa, na kutoka hapo waumini walikwenda kuwatembelea wafungwa.

Deni nalo lilibaki. Tarehe 15 Februari 1742 waumini wakakutana kulizungumzia. Mmoja wao, Kapteni Foy, akapendekeza kila mtu atoe peni moja kwa juma mpaka liishe. Mwingine akapinga kwamba wengi ni maskini mno. Foy akajibu kwamba apewe yeye 11 walio maskini kuliko wote; atawapitia kila juma, na asiyeweza atamlipia. Wengine wakakubali kufanya vivyo hivyo. Walipoanza kupita nyumba kwa nyumba waligundua mambo ambayo hayakuwa ya fedha: huyu amerudia ulevi, yule anagombana na mkewe. Wesley akatambua kwamba amepata njia ya kuwatunza watu ambayo alikuwa ameitafuta muda mrefu. Vikundi vile vya watu 12 vikaenea kila mahali Wamethodisti walipofika.

Bristol ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Mwezi Machi 1788 Wesley, akiwa na miaka 84, alitangaza mapema kwamba atahubiri juu ya utumwa. Nyumba ikajaa matajiri kwa maskini. Katikati ya mahubiri kelele zikazuka, watu wakasukumana kwa hofu, mabenchi yakavunjika. Baada ya dakika chache kukatulia, naye akaendelea mpaka mwisho.

Mwaka 1808 nyumba iliuzwa kwa Wamethodisti wa Wales waliofuata mafundisho ya Calvin. Ilinunuliwa tena mwaka 1929 na kukarabatiwa na msanifu George Oatley. Mabomu ya mwaka 1940 yaliharibu sana mtaa ule, lakini yenyewe ilisalimika. Leo inalindwa na sheria katika daraja la juu kabisa la majengo ya kihistoria. Ibada zingali zikifanyika, na vyumba vya juu ni makumbusho.

Maswali ya kujadili katika kikundi: Hati ya jengo lenu iko kwa jina la nani, na nani kati yenu ameisoma? Siku sita zisizo Jumapili jengo hufanya kazi gani? Anayekusanya michango kwenu, huingia ndani au huishia mlangoni?